Lifti ya Magarimoshi kwenye Ukingo wa Bonde la Ufa

Garimoshi ni chombo chenye nguvu nyingi na udhaifu mmoja: halipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, na ndiyo maana njia ya reli huzungukazunguka vilima ikitafuta mwinuko wa polepole. Lakini kuna mahali ambapo kuzunguka hakuwezekani, au kunachelewesha mno. Hapo wahandisi wamelifanyia garimoshi kile tunachofanyiwa sisi katika majengo marefu, yaani kulitia ndani ya lifti.

Mjini London, reli ya Waterloo na City, iliyofunguliwa mwaka 1898, ilijengwa yote chini ya ardhi. Mabehewa yake yaliteremshwa na kupandishwa moja moja kwa lifti iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji yaliyoshindiliwa. Mwezi Aprili 1948 kichwa cha garimoshi kilichokuwa kikiingiza mabehewa ya makaa ya mawe kilitumbukia katika shimo la lifti hiyo, na ikabidi kikatwekatwe humo humo. Lifti hiyo haipo tena; siku hizi behewa likihitaji kutolewa huinuliwa kwa kreni.

Wakati London ikitumia lifti kwa kukosa nafasi, Waingereza walihitaji kitu kama hicho huku Afrika Mashariki kwa kukosa subira. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi Mei 1899. Mbele yake kulikuwa na Ukingo wa Kikuyu, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na kushuka kiasi cha mita 450 hadi chini ya Bonde la Ufa. Njia ya kudumu ilibidi ichongwe ubavuni mwa mlima na kuvushwa juu ya makorongo kwa madaraja, kazi ya miezi mingi. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, hakutaka reli zilale zikingoja madaraja.

Basi wakajenga njia ya muda iliyoshuka moja kwa moja ukingoni, ikiwa na kamba nene za chuma zilizozungushwa kwenye gurudumu kubwa lenye breki. Behewa lililojaa lilipoteremka, uzito wake ulivuta behewa tupu kupanda, kama ndoo mbili za kisimani. Palipokuwa na mteremko mkali kabisa, behewa lingemwaga shehena kama lingeshuka kwa magurudumu yake lenyewe. Kwa hiyo lilipandishwa juu ya kibebeo maalumu, kilichokuwa kirefu upande wa bondeni na kifupi upande wa mlimani, ili jukwaa lake libaki sawasawa. Hiyo ilikuwa lifti kamili, ila ilikwenda mshazari. Reli, mataruma, vyakula na hata vichwa vya magarimoshi viliteremshwa kwa njia hiyo.

Tazama sasa hesabu ya tarehe, msomaji. Njia ya kudumu ya ukingoni ilifunguliwa Novemba 1901. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Desemba, reli zikafika Ziwa Viktoria, mahali ambapo leo ni Kisumu. Bila ile lifti ya kamba, kazi ya kutandika reli bondeni ingekuwa ndiyo kwanza inaanza, na zaidi ya kilomita 300 zikingoja.

Ninapofikiri juu ya jambo hili, najiuliza haraka hiyo ilikuwa ya nani. Haikuwa ya vibarua. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Wala haikuwa ya wenyeji wa bondeni. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka maeneo ya Naivasha na Nakuru, wakapelekwa Laikipia na upande wa kusini, ili walowezi wapate ardhi iliyo karibu na reli. Miezi iliyookolewa kwa kamba zile iliokolewa kwa faida ya watu wengine.

Hata hivyo siwezi kuidharau kazi yenyewe. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na garimoshi lililofika ziwani liliundwa pia na mikono iliyoshika breki pale ukingoni, tani kwa tani, likizidi mwendo kidogo tu maafa. Njia ya muda iling'olewa baada ya kazi yake kwisha, na vitabu vingi vya shule husimulia simba wa Tsavo bila kuitaja. Naona ni haki tuwafundishe watoto mambo yote mawili kwa pamoja: ustadi wa watu walioteremsha mabehewa yale, na yaliyowapata watu waliokuwa wakiishi huko yaliposhukia.