Sanduku la Posta 2915

Machi 1963, duka la Klein's Sporting Goods la Chicago lilipokea kuponi iliyokatwa gazetini, pamoja na hawala ya posta ya dola 21.45. Mteja alijiita A. Hidell. Alitaka bunduki ya Kiitaliano aina ya Carcano, masalio ya Vita Vikuu vya Pili, iliyofungwa darubini: dola 19.95 za bunduki, 1.50 za kuisafirisha. Anwani ilikuwa Sanduku la Posta 2915, Dallas, Texas. Mzigo ukatumwa.

Sisi tuliokulia na masanduku ya posta, la shule, la kanisa, la mjomba aliye mjini, tunajua kwamba sanduku halina sura. Barua huingia, ufunguo huzungushwa, basi. Hidell hakuwepo duniani. Mwenye ufunguo alikuwa Lee Harvey Oswald, na Tume ya Warren ilihitimisha kuwa ndiyo bunduki iliyomuua Rais Kennedy tarehe 22 Novemba mwaka huohuo.

Watu hubishana mpaka leo kuhusu idadi ya risasi. Mimi kinachonishika ni ile kuponi. Tangazo lenyewe lilikuwa ndani ya American Rifleman, jarida la chama cha wenye bunduki, NRA, na biashara ile haikuwa ya magendo. Sheria ya 1938 ilimtaka muuzaji awe na leseni, ada yake dola 1 kwa mwaka, lakini haikumtaka amwone mnunuzi uso kwa uso. Sheria ya 1927 ilikuwa imepiga marufuku kumtumia raia bastola kwa posta ya serikali. Sawa. Bastola ya Oswald, aliyoiagiza Los Angeles kwa jina lilelile la Hidell, ikaletwa na kampuni ya mizigo ya Railway Express. Ati posta ni haramu, gari la kampuni ni halali!

Seneta Thomas Dodd wa Connecticut alikuwa ameliona pengo hilo mapema. Mswada wake wa Agosti 1963, miezi mitatu kabla ya Dallas, ulilenga bastola za kuagizwa kwa posta. Baada ya Kennedy kuuawa akaongeza bunduki ndefu, na hata Franklin Orth wa NRA akaenda Seneti kuunga mkono. Bado mswada ulikwama kwa miaka mitano. Ilibidi Martin Luther King auawe Aprili 1968, na Robert Kennedy Juni, ndipo Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Bunduki tarehe 22 Oktoba. Cha ajabu, silaha za mauaji hayo mawili hazikuja kwa posta. Ya kwanza ilinunuliwa dukani Birmingham, Alabama, kwa jina la uongo. Ya pili ilipita mkono kwa mkono huko California.

Sheria hiyo ilimfunga mtu binafsi mikono: asimuuzie moja kwa moja mkazi wa jimbo lingine. Tuseme mtu wa Ohio ana bunduki ya marehemu babake, na mnunuzi yuko Texas. Huyo wa Ohio ataituma kwa muuza silaha mwenye leseni kule Texas. Muuzaji yule ataiandika kitabuni, na mnunuzi atafika mwenyewe na kitambulisho, ajaze Fomu 4473, rekodi zake zikaguliwe. Ukaguzi huo ulitokana na Sheria ya Brady ya 1993.

Lakini hebu fikiria: mzigo wote umeegemea karatasi moja, nakala ya leseni ya mtu ambaye huyo wa Ohio hajawahi kumwona. Nakala hughushiwa. Mjanja anaweza kuchukua leseni halali ya duka la kweli, akabadilisha mtaa na namba ya simu tu, na hapo Hidell amefufuka. Ndiyo maana idara ya serikali inayosimamia silaha, ATF, ina ukurasa uitwao FFL eZ Check. Unaingiza tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za leseni, unaonyeshwa jina, anwani ya duka na tarehe ya kuisha. Kazi ni kulinganisha anwani hiyo na ile uliyopewa ya kutuma mzigo, kisha kupiga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye barua ya mgeni. Zikitofautiana, hakuna kutuma.

Hata leseni ya kweli iliwahi kuwa kitu rahisi mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na wenye leseni zaidi ya 250,000, wengi wakiuzia nyumbani, mezani jikoni. Sheria ya Brady ikapandisha ada hadi dola 200 kwa miaka mitatu, na idadi ikaporomoka.

Mauzo kati ya watu wawili wa jimbo moja, kama ile bastola iliyozunguka California, sheria ya shirikisho bado haiyadai ukaguzi. Majimbo kadhaa yamejitungia yao. Nayo Carcano imezeeka. Silaha iliyopita miaka 50 huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale, na mkusanyaji mwenye leseni ya aina ya 03 anaweza kuipokea nyumbani kwake kutoka jimbo lingine, mradi sheria za jimbo lake zinaruhusu na aliyemuuzia ana nakala ya leseni yenye saini.