Kutoka Ramli hadi Mwelekeo: Historia Fupi ya Lugha ya Kutabiri katika Afrika Mashariki

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Majahazi yaliyotia nanga bandarini yalivunjwavunjwa, merikebu za Sayyid Barghash ziliangamia, na mikarafuu, ambayo ndiyo iliyokuwa tegemeo la uchumi wa kisiwa, iling'olewa shamba kwa shamba. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kitovu cha uzalishaji wa karafuu kikahamia huko. Maafa hayo hayakuwakuta watu wasiojali yajayo. Mji wa Zanzibar wa wakati huo ulikuwa na manahodha waliojua siku ya kuondoka na siku ya kurejea, wanafalaki, wapiga ramli na waganga wa kila asili. Lakini kimbunga hakikuwamo katika hesabu ya yeyote kati yao, kwa kuwa dhoruba za aina hiyo katika Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita kusini zaidi.

Swali la iwapo binadamu anaweza kuyajua yajayo kwa kawaida huulizwa kana kwamba linahitaji jibu moja. Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba chini ya swali hilo kuna kazi mbili tofauti: kuhesabu kinachojirudia na kusoma ishara za kisichojirudia. Wenyeji wa pwani walizitenga kazi hizi kwa maneno. Kiswahili cha leo kimezichanganya chini ya neno moja, *utabiri*, na makala haya yanadai kwamba mchanganyiko huo una gharama inayopimika kwa maisha ya watu.

Hesabu

Kazi ya kwanza ndiyo iliyofanikiwa zaidi. Waswahili walikuwa na mwaka wa jua wenye siku 365, ulioanza kwa Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ambayo bado huadhimishwa Makunduchi kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Mwaka huo uligawanywa katika miongo 36, kila mwongo siku 10, na siku 5 zikabaki za kuukamilisha. Nahodha hakusema kwamba kusi itaanza “karibuni”, alitaja mwongo. Mkulima naye alipanda kwa mwongo. Inafaa kukumbuka, kwa kupita tu, kwamba *muongo* wa miaka kumi unaotumiwa leo katika ripoti za mipango ya maendeleo umetokana na kalenda hiyo ya mabaharia na wakulima.

Kalenda hiyo ilikuwa na kasoro moja. Haikuwa na siku ya nyongeza ya kila miaka 4, hivyo ilisogea siku 1 katika kila kipindi hicho, na baada ya karne moja ilikuwa imepotoka kwa zaidi ya wiki tatu. Aliyeitegemea namba bila kutazama upepo, mawimbi na nyota angekosea msimu. Kwa hiyo mjuzi wa miongo alikuwa pia mrekebishaji: alilinganisha hesabu na hali halisi, akaisahihisha. Tabia hii ya kuruhusu bahari iisahihishe kalenda ndiyo inayoikaribia sayansi kuliko jambo jingine lolote katika urithi huu.

Ishara

Kazi ya pili ina msamiati mpana zaidi. Kitenzi *kuagua* ni cha Kibantu na kina ndugu zake ng'ambo za maziwa: *okulagula* katika Kiganda, *kuragura* katika Kinyarwanda na Kirundi. *Kupiga ramli* kumetokana na neno la Kiarabu la mchanga. Mpigaji huchora nukta, akapata baadhi ya maumbo 16, na maumbo hayo ndiyo yanayosomwa. *Kubashiri* kwa asili ni kuleta habari njema, ingawa leo mtu hubashiri hata maafa. *Kutabiri* kumetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Mzizi huohuo umo katika Sura ya Yusuf, pale mfalme wa Misri anapowataka wakuu wake waifasiri ndoto yake.

Maneno haya yakitazamwa pamoja, hubainika kwamba takribani yote yanahusu kusoma kitu ambacho tayari kipo: ndoto iliyokwisha kuotwa, mchanga uliokwisha kupigwa, ugonjwa uliokwisha kumwingia mtu. Mteja wa mwaguzi kwa kawaida hakuuliza mwakani kutakuwaje. Aliuliza ng'ombe aliyepotea yuko wapi, au mtoto anaumwa kwa sababu gani. Wakati ujao ulikuwa sehemu ndogo ya uaguzi. Wageni walioandika kuhusu uaguzi kana kwamba ni biashara ya kutangaza yatakayotokea waliukuza upande mmoja wa kazi hiyo wakausahau mwingine.

Upande huo mdogo, hata hivyo, ndio ulioingia katika vitabu vya historia. Unabii unaotajwa mara nyingi ni ule wa Kimnyole, orkoiyot wa Wanandi, anayesemekana kuona nyoka wa chuma akitoka ziwa moja kwenda jingine. Mnamo mwaka 1890 Wanandi wenyewe walimwua wakimlaumu kwa misiba iliyowapata. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na ukafika ziwani mwaka 1901. Wakamba wanasimulia vivyo hivyo kuhusu Syokimau. Tatizo la mwanahistoria linajulikana: masimulizi haya yaliandikwa baada ya reli kupita. Kumbukumbu ya jamii huhifadhi maneno yaliyotimia na kuyaacha yasiyotimia, na hilo halihitaji mtu yeyote awe mwongo. Kitabu kilichohaririwa na David Anderson na Douglas Johnson mwaka 1995 kuhusu manabii wa Afrika Mashariki kiliwahimiza watafiti waache kuuliza kama nabii alisema kweli na waulize maneno yake yalifanya kazi gani, kwa nani, na lini.

Vita vya Majimaji vinalijibu swali hilo kwa uchungu. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kupagawa na Hongo, aligawa maji yaliyodaiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani. Vita vilianza Julai 1905 kwa kung'oa pamba huko Nandete, na Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, wakati vita bado vichanga. Mwisho wa mwezi huo wapiganaji kwa maelfu waliikabili boma ya Mahenge, wakaangushwa na bunduki za rashasha. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000 waliokufa katika vita vyote, G. C. K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Kwa mtazamo wa lugha, maneno ya Kinjeketile hayakuwa utabiri. Yalikuwa ahadi yenye masharti. Dawa iliambatana na miiko: kutopora, kujitenga na wanawake wakati wa vita, na mingineyo. Risasi ilipopenya, maelezo yalikuwa tayari: mpiganaji alivunja mwiko. Ahadi ya namna hii haiwezi kukanushwa na tukio moja, wala na matukio kumi, kwa sababu kila tukio linakuja na udhuru wake. Wakati huohuo ilifanya kazi ambayo utabiri sahihi usingeweza kuifanya, yaani kuwaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla ya hapo hawakuwa na jeshi moja. Kuihesabu kuwa kosa la kubashiri tu ni kutoielewa.

Ofisi ya utabiri

Utawala wa kikoloni ulijibu kwa sheria. Kenya ilipata Sheria ya Uchawi mwaka 1925, Tanganyika mwaka 1928, na ile ya Tanganyika ilijumuisha hata kudai kuwa na maarifa ya siri. Mwaka 1929 serikali hizohizo za Kiingereza zilianzisha Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Katika muda wa miaka minne, basi, aina moja ya kuyasema yajayo iliwekwa chini ya polisi na nyingine ikapewa ofisi. Kilichovutia ni kwamba Kiswahili hakikutunga neno jipya kwa ajili ya ofisi hiyo. Kazi yake ikaitwa *utabiri wa hali ya hewa*, kwa neno la mfasiri wa ndoto.

Kwa utabiri wa kesho au keshokutwa, ukopaji huo haukuwa na madhara makubwa. Madhara yalikuja na utabiri wa msimu. Mwaka 1998, baada ya mafuriko makubwa ya 1997 na mwanzo wa 1998, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika walianza kukutana kabla ya kila msimu ili kutoa kauli ya pamoja. Kauli hiyo haisemi mvua itanyesha au haitanyesha. Inagawa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Kauli ikitoa asilimia 45 kwa mvua za juu ya wastani, ina maana kwamba uwezekano wa asilimia 55 ni wa hali nyingine. Msikilizaji anayesikia kwamba mamlaka “imetabiri mvua kubwa” hapati sehemu hiyo ya pili, na mvua isipokuja huhukumu kwa kipimo anachomhukumia mpiga ramli.

Hapa pana jambo ambalo wanasayansi hawapendi kulikiri. Kauli ya uwezekano, kama ahadi yenye miiko, haikanushwi na msimu mmoja. Tofauti yake na uaguzi haimo katika sentensi yenyewe, imo katika daftari: kauli za misimu mingi huwekwa, hulinganishwa na mvua iliyonyesha, na makosa huonekana. Daftari hilo lilipofunguliwa lilionyesha jambo la maana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la *Climate Dynamics* ulibaini kwamba kauli za pamoja za kanda zilikuwa zikilipa fungu la wastani uzito kupita kiasi. Wataalamu, kwa maneno mengine, walikimbilia katikati, mahali ambapo mtu halaumiwi sana. Baadaye kituo cha kanda kilihamia kwenye mbinu zinazopunguza nafasi ya makubaliano ya mezani. Lakini daftari halimfikii msikilizaji wa redio wa Kilosa au Kitui, naye ndiye anayepaswa kuamua kama atapanda mtama au mahindi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imelishughulikia tatizo hili kwa lugha, pengine kuliko taasisi nyingine yoyote ya kanda. Kwa msimu hutumia *mwelekeo wa mvua* badala ya utabiri, na kwa hatari za karibu imeweka ngazi za *angalizo*, *tahadhari* na *tahadhari kubwa*. Uteuzi huo ni mzuri. Mwelekeo unaweza kubadilika bila mtu kuitwa mwongo, na tahadhari inamwelekeza msikilizaji kwenye la kufanya. Vichwa vya habari, hata hivyo, huurudisha mwelekeo kuwa “yatabiri”. Aidha taarifa zenyewe bado zina tatizo: neno *wastani* hutumika kwa kiasi cha mvua kinacholingana na kawaida, kisha hutumika tena kwa kiwango cha uwezekano wa tukio na kwa kiwango cha athari. Mtu anayesoma kwamba uwezekano ni wastani ana haki ya kudhani kwamba ameambiwa mvua zitakuwa za kawaida.

Kenya ilishuhudia mkanganyiko wa aina hiyo mwaka 2023. Tangu 1997 *El Niño* katika mazungumzo ya kila siku si joto la Bahari ya Pasifiki tena, ni jina la mafuriko. Mwanzoni mwa Oktoba serikali ilitangaza kwamba El Niño iliyohofiwa haingekuwapo, ila mvua zingekuwa nyingi. Kwa mtaalamu, El Niño tayari ilikuwapo baharini. Kwa mwananchi, tangazo lilimaanisha kwamba mafuriko hayaji. Kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa katika mafuriko.

Lugha haiwezi kubebeshwa kila lawama. Somalia iliangaliwa kwa makini tangu 2010, pale La Niña ilipojitokeza, na maonyo yalitolewa mara kwa mara kwa lugha ambayo wafadhili waliielewa vyema. Njaa kuu ilitangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011, na misaada mingi ilisubiri tangazo hilo. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria vifo 258,000, takribani nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Walioonya walikuwa wamesoma ishara sawasawa. Katika kisa cha Yusuf mfasiri wa ndoto ndiye pia aliyekabidhiwa maghala. Katika mfumo wa sasa, wanaojua na wenye ghala hukaa katika majengo mbalimbali.

Juhudi za Vihiga, magharibi mwa Kenya, zinaonyesha njia nyingine. Wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaotazama kuchanua kwa miti na mienendo ya wadudu na ndege katika vijisitu vyao, wamekuwa wakikaa na wataalamu wa idara ya hali ya hewa kabla ya msimu, na kauli inayotokana na kikao hutolewa kwa lugha ya wenyeji. Iwapo ishara za wazee zinaongeza usahihi ni suala la kupimwa kwa misimu mingi ijayo. Kinachoonekana tayari ni kwamba kauli hiyo ina mwenyewe anayejulikana kijijini, anayeweza kuulizwa ilikosea wapi.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliielekea pwani ya Tanzania. Tahadhari zilitolewa siku kadhaa kabla, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Kilipofika pwani tarehe 4 Mei, karibu na Mafia, vyombo hivyo vilikuwa vimefungwa gatini, vitupu.