Mutueli ya afya (Kivu ya Kusini)

Mutueli ya afya ni chama cha hiari ambacho wanachama huchanga kila mwaka ili kusaidiana gharama za matibabu. Mutueli za aina hii zimeenea vijijini kandokando ya Bukavu, Nyantende ikiwemo. Nchini Kongo huongozwa na Sheria Na. 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Mkutano mkuu huchagua halmashauri na wakaguzi, na ndio unaopitisha hesabu. Ugomvi huzuka mkutano usipoitishwa, risiti zisipoonekana, au viongozi waking’ang’ania vyeo. Hospitali isipolipwa na mutueli, mgonjwa mwenye kadi halali ya uanachama hudaiwa pesa taslimu. Hapo wanachama hudai ukaguzi, huwaondoa viongozi kwa kura, au huacha kuchanga.