Pikapu ndogo, kalibu, na akiba isiyooza

Wapenzi wasikilizaji, historia ya magari imeandikwa kwa wingi, na ukiifungua utayakuta magari ya wafalme, ya marais na ya mashindano. Pikapu utaitafuta sana. Pikapu ni mtumishi. Hubeba saruji, mahindi, mgonjwa wa usiku na jeneza la kesho yake, na siku chesesi ikikatika huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ni wachache wanaofikiria kuiweka.

Kwa sababu hiyo, wiki hii tuzungumze habari za watu wanaokusanya pikapu ndogo za plastiki, zile zinazouzwa vipande vipande ndani ya sanduku ili mnunuzi aziunganishe mwenyewe, na habari za viwanda vinavyozitoa upya baada ya miaka ishirini au thelathini. Atakayesema hii ni michezo ya watu wenye nafasi hatakuwa amekosea sana, maana ni burudani yenye gharama. Lakini ndani yake mna swali linalotuhusu sote: nani huamua kitu gani kikumbukwe?

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Modeli ya plastiki huzaliwa katika kalibu ya chuma yenye pande mbili zinazofumbana. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani kwa nguvu, hupoa kwa muda mfupi, kalibu hufunguliwa, na vipande hutoka vikiwa vimeshikana kama matunda kwenye kikonyo. Plastiki yenyewe ni rahisi. Kilicho ghali ni ile kalibu, kwa kuwa mafundi huichonga kwa miezi mingi, na kosa dogo la mkono huonekana katika kila modeli itakayotoka humo. Mwenye kalibu anaweza kuzaa modeli ileile leo na miaka arobaini ijayo. Aliyeipoteza amebaki na picha tu.

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Michigan, jirani na viwanda vya magari vya Detroit. Huko mwaka 1948 ilianzishwa kampuni ya AMT. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwatengenezea wauzaji wa magari vigari vidogo vya kuvutia wateja. Mwaka 1958 ikaanza kuuza modeli za mwaka, yaani gari jipya likitoka, modeli yake ya kuunganisha nayo hutoka. Kipimo kilikuwa 1/25, maana yake gari la kweli ni kubwa mara 25 kuliko modeli. Baadaye ikaja kampuni ya MPC, nayo ya Michigan, ikashika biashara hiyohiyo.

Viwanda vya Detroit vilikuwa na desturi ya kubadilisha sura za magari kila mwaka: taa zihamishwe hapa, grili ibadilishwe pale. Watengenezaji wa modeli nao walipaswa kufuata. Kwa kuwa kalibu ni ghali, hawakuchonga mpya kila mara. Waliichukua ileile ya mwaka uliopita, wakaikata na kuichonga upya ili ifanane na gari la mwaka mpya. Kwa mfanyabiashara huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa historia ulikuwa msiba, kwa sababu kalibu ikishachongwa sura ya mwaka 1962, sura ya mwaka 1961 haipo tena ndani yake. Pikapu za Ford na Chevrolet zilipita njia hiyo sawa na magari mengine. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Halafu kampuni zenyewe zikaanza kuuzwa. AMT ilinunuliwa mwaka 1978 na Lesney ya Uingereza, watengenezaji wa vigari vya Matchbox, na miaka michache baadaye ikaangukia mikononi mwa Ertl, kampuni ya Iowa iliyosifika kwa matrekta madogo ya kuchezea. MPC nayo ikafuata hukohuko. Kila kampuni inapobadili mwenyewe, kalibu nzitonzito za chuma huhamishwa kutoka ghala hadi ghala, na katika kuhama huko vitu hupotea.

Leo majina ya AMT na MPC yako chini ya kampuni iitwayo Round 2, ya South Bend, Indiana. Kazi yake kubwa ni kuzifufua modeli za zamani. Miongoni mwa zilizorudi sokoni ni pikapu ya Datsun ya mwaka 1975, gari ambalo watu wa makamo wa pande zetu hawahitaji kuelezwa lilikuwaje. Pale ambapo kalibu imekatwa au imepotea, mafundi hulazimika kuchonga sehemu mpya. Nao hawachongi kwa kukisia. Hutafuta modeli ya zamani iliyotunzwa na kuipima kipande kwa kipande.

Hapa ndipo penye ugomvi wa siku nyingi baina ya wakusanyaji. Wapo wanaonunua masanduku ya zamani na kuyaweka bila kuyafungua, wakingoja bei ipande. Wapo wanaotaka kuketi, kuunganisha, kupaka rangi na kuitazama kazi ya mikono yao. Habari ikitoka kwamba modeli fulani itatolewa upya, kundi la pili hushangilia na kundi la kwanza hununa, maana sanduku lililokuwa adimu huenda likashuka bei mara moja. Wanaonuna wanadai kwamba kutoa upya ni kuwapora akiba yao.

Mimi naona wanaonuna wamesahau jambo moja, na wanaoshangilia wamesahau jingine. Anayetunza sanduku anapaswa kukumbuka kwamba lilitengenezwa ili lifunguliwe. Anayefurahia toleo jipya naye akumbuke kwamba mara nyingine lisingewezekana bila yule bahili aliyeweka sanduku lake kabatini miaka yote. Akiba haiozi, lakini akiba isiyomfaa mtu ina tofauti gani na taka?

Tuvuke bahari hadi Japani, katika mji wa Shizuoka. Mji huo ni makao ya kampuni kadhaa kubwa za modeli, na unasifika tangu kale kwa mafundi wa mbao. Kampuni ya Tamiya ilianza huko mwaka 1946 ikiwa na kiwanda cha kupasua mbao. Mwaka 1951 moto ukateketeza mali, na haukupita muda mrefu kampuni ikaachana na mbao na kushika modeli peke yake. Tamiya ndiyo waliotoa, mwaka 1981, Toyota Hilux ndogo ya kuongozwa kwa redio, kipimo 1/10, yenye giaboksi ya gia tatu na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 1985 ikafuata pikapu nyingine ya Toyota waliyoiita Bruiser, yenye chesesi ya chuma na springi zilizopangwa kama zile za gari lenyewe. Uzalishaji ukakoma, na kwa miaka mingi aliyeitaka alilazimika kuitafuta kwa watu. Mwaka 2012, miaka 27 baadaye, Tamiya wakaitoa upya. Baadhi ya sehemu zilibadilishwa, kwa mfano kifaa cha kudhibiti mwendo kikawa cha kielektroniki, lakini gari likabaki kuwa lile lile.

Katika mji huohuo wa Shizuoka kuna Aoshima, kampuni iliyoanza mwaka 1924. Miongoni mwa modeli zake za kipimo 1/24 imo Hilux dabo kebini ya mwaka 1994, yenye urefu wa kama sentimita 20. Abiria wa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu aliyewahi kupanda nyuma ya gari la aina hiyo angelitambua bila kusoma maandishi. Na la kushangaza ni kwamba Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani kwenyewe mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017, ikiletwa kutoka Thailand. Kwa miaka 13 Mjapani hakuweza kununua Hilux mpya dukani katika nchi ilikobuniwa.

Pikapu hukumbukwa pia kwa njia nyingine. Mwaka 1987 majeshi ya Chad, yakipigana juu ya pikapu za Toyota, yaliwatimua wanajeshi wa Libya kaskazini mwa nchi hiyo, na dunia ikaviita vita vya Toyota. Kampuni ya Meng ya China nayo imetoa modeli ya pikapu ya kipimo 1/35 ikiwa na bunduki ya kutungulia ndege mgongoni. Sanduku halitaji kiwanda chochote cha gari. Limeandikwa "Pick Up", basi. Silaumu kampuni hiyo, kwa kuwa pikapu za namna hiyo zipo na ni sehemu ya historia. Ninachosema ni kwamba tukiwaachia wengine kazi ya kukumbuka, tusishangae mjukuu akija kuijua pikapu iliyobeba bunduki asiijue iliyobeba mahindi.

Na hapa, wapenzi wasikilizaji, swali linarudi nyumbani. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka chai maharage, gari dogo la mizigo lililowekewa mabenchi nyuma, abiria wakitazamana kama walioketi kwenye meza ya mgahawa. Mafundi wetu ndio waliounda mabenchi yale, wakafunga vyuma vya paa na kukisia mahali pa ngazi. Watoto nao waliliiga kwa waya, makopo na soli za kandambili, kila mmoja kwa mkono wake. Je, nani ana mchoro wake? Nani aliupima urefu wa benchi kabla gari halijakatwa chuma chakavu?

Hatuhitaji kalibu ya chuma ya mamilioni. Kipimo kilichoandikwa kwenye daftari, picha yenye mwaka nyuma yake, au kile kigari cha waya kikipewa nafasi juu ya kabati vinatosha kuanzia. Wamarekani wa AMT walikuwa na kalibu mikononi wakaikata, na wajukuu wao leo wanalipa kuichonga upya. Sisi mafundi waliounda zile chai maharage baadhi yao wangali hai. Tuwaulize sasa.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.