Alama ya Pili: Nadharia ya Akili Nyingi na Mtoto wa Pemba

Siku za sikukuu ya Idd, viwanja vya kufurahishia watoto vya Tibirinzi, Chake Chake, hujaa watoto wenye nguo mpya na fedha kidogo mkononi. Mtazame mmoja wa miaka minane, mdogo wake ubavuni. Anatakiwa azigawe fedha alizopewa baina ya pembea, aiskrimu na kitu cha kurudi nacho nyumbani. Akisie foleni ipi itakwenda mbio. Apatane bei na mwuzaji aliyemzidi umri mara nne au tano. Na muda wote huo asimwachie mdogo wake mkono. Anayafanya yote kwa pamoja, na fedha zinamtosha. Skuli zikifunguliwa, huyo huyo huenda akaandikiwa katika ripoti kwamba hesabu hajui.

Walimu wengi wanaoumizwa na pengo hilo baina ya uwanja na ripoti wamelitafutia jibu katika nadharia ya akili nyingi ya Howard Gardner. Hoja yangu ni kwamba nadharia hiyo tumeichukua kimakosa, na tulichokichukua ndicho kilicho dhaifu.

Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu chake Frames of Mind mwaka 1983. Alikuwa akibishana na mkondo ulioanzishwa na mwanasaikolojia Charles Spearman mwaka 1904, unaodai kwamba nyuma ya kila mtihani wa akili ipo nguvu moja ya jumla: anayefaulu huku hufaulu na kule. Gardner alipendekeza akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili, ya maumbo na nafasi, ya kuwaelewa wengine na ya kujielewa. Baadaye akaongeza ya maumbile, yaani kuwatambua wanyama, mimea na mazingira. Mwanzoni mwa kitabu anamweka mvulana wa kisiwa cha Puluwat, Pasifiki, anayefunzwa ubaharia, pamoja na kijana wa Kiirani aliyehifadhi Kurani. Mifano hiyo ingeweza kuokotwa Pemba bila kuvuka bahari.

Kilichoenea madarasani, hata hivyo, ni kitu kingine: imani kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa macho, yule wa masikio, mwengine wa mikono, na kwamba atafaulu akifundishwa kwa mtindo wake tu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake waliupitia utafiti uliokuwapo na hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi hivyo. Gardner mwenyewe aliandika mwaka 2013 kwamba akili nyingi si mitindo ya kujifunza, na kwamba kuvichanganya viwili hivyo ni kosa.

Kosa hili lina waathirika, na hawagawiki sawa. Mwalimu akisema "mtoto huyu ni wa mikono," mara nyingi anayesemwa ni mtoto wa mvuvi au wa mchumaji karafuu, na maana yake kwa vitendo ni kwamba kitabu kimeondolewa mbele yake. Maneno yanasikika ya huruma, lakini ni hukumu, tena imetolewa kabla mtoto hajafundishwa.

Tuliangalie jambo tulilo nalo wenyewe. Katika chuo cha Kurani, mtoto wa Pemba hajawahi kuulizwa yeye ni wa macho au wa masikio. Aya anaiona, anaisikia kwa maalim, anaisoma kwa sauti na mahadhi, mwili unayumba nayo, anasahihishwa papo hapo, kisha anamsomesha mdogo wake aliyeko nyuma. Njia zote zinaelekezwa kwenye aya moja, kwa watoto wote. Chuo kina upungufu wake, hasa pale maana inapocheleweshwa mno, lakini katika hili kimeitangulia skuli. Na wale washairi wakubwa wa kisiwa hiki, Kamange na Sarahani, walikuwa wakijibizana kwa tungo. Kipaji cha kila mmoja kilipata mwenzake wa kukijibu, na huo pia ni ufundishaji.

Ushahidi ulio muhimu zaidi kwetu umetoka Afrika Mashariki. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 85, wenye umri wa miaka 12 hadi 15, wa Usenge, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya. Waliwapima ujuzi wa dawa za miti shamba, kisha wakawapa na mitihani ya msamiati inayofanana na ya skuli. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo zaidi za msamiati. Kwa mkondo wa Spearman hilo ni gumu kulieleza, kwa kuwa unatarajia alama zipande pamoja. Lakini nasisitiza kwamba halimpi ushindi mwenye kuamini aina za watoto vilevile. Watafiti walilieleza kwa mambo ya nyumbani: wapo wazazi wanaoona skuli itamfaa mtoto wao, na wapo wanaoona kazi za kijijini ndizo zitakazomfaa, na muda wa mtoto hufuata uamuzi huo. Akili ilikua pale ilipopewa saa.

Pemba saa hizo zinakwenda wapi? Wachumaji wa karafuu wamekuwa wakilipwa kwa kipimo cha pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Mtoto anayewasaidia wazee wake kutenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, anajua kwamba vibaba vitatu havijafika pishi, anajua kimepungua nini, na anajua upungufu huo utakata malipo kiasi gani. Pwani nako, anayefuatana na mama yake kuchokoa pweza anajifunza kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakatoka mbali na miamba ikabaki wazi, na kwamba katikati yake kuna maji mafu, yasiyotoka mbali. Anajua pia kwamba kila siku maji huchelewa, na kuchelewa huko ni kiasi cha dakika 50. Hizo ni sehemu na mfuatano wa namba.

Sidai kwamba mwenye kujua vibaba tayari anajua kuzidisha robo tatu kwa mbili ya tano. Hajui, na hatajua mpaka afundishwe. Ninachodai ni kwamba mwalimu ana mahali pa kuanzia, na mara nyingi amezuiwa kupafikia. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Yaani katika umri ambao sehemu zinaanza kuwa nzito, mtoto alivuliwa lugha aliyokuwa akizihesabia. Baada ya hapo tulimpima na kumwita dhaifu.

Upimaji wenyewe unaweza kubadilika, na Bagamoyo wametuonesha namna. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walifanya kazi na watoto 458 wa miaka 11 hadi 13. Watoto 358 walipewa mtihani, wakafundishwa kwa muda mfupi mbinu za kuyakabili maswali yale, kisha wakapimwa tena. Wengine 100 walipimwa mara mbili bila mafunzo. Waliofundishwa walipanda zaidi, na mpangilio wao ukabadilika: aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima awe nyuma mara ya pili. Alama ya kwanza ilikuwa imepima zaidi walichowahi kukutana nacho.

Jambo hili linawezekana Chake Chake bila mfadhili. Mwalimu wa darasa la nne atoe jaribio la sehemu siku ya Jumatatu. Siku mbili zinazofuata afundishe kwa pishi na vibaba halisi, watoto wamimine, wachore, waseme kwa sauti, wafundishane, ndipo waandike kwa tarakimu. Alhamisi atoe maswali mapya yenye uzito uleule. Karatasi ya Jumatatu ibaki kwa mwalimu, imwoneshe pa kuanzia. Katika ripoti inayokwenda nyumbani iandikwe alama ya Alhamisi, na kando yake yaandikwe yale aliyofundishwa mtoto baina ya siku hizo.