Makumbusho ya Majimaji na kichwa cha Songea Mbano

Wadau, ukifika Songea usiondoke kabla hujapita Makumbusho ya Majimaji. Jengo lenyewe wala si la kutisha. Lilifunguliwa mwaka 1980 likiwa chini ya mkoa, na baada ya karibu miaka 30 likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Uzito wake uko nje, kwenye kaburi la pamoja la mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu umebeba jina lake, hayumo kwenye kaburi hilo. Alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Tena wazee wa Kingoni wanasema kilichozikwa ni kiwiliwili tu, kichwa kilipelekwa Ujerumani.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapo hapo akaomba msamaha. Aliahidi watakitafuta, ila hakuahidi kwamba watakipata.

Kikirudi, kikae wapi? Ndani, kwenye kabati la kioo? Mimi nasema kaburini, hata kama makumbusho yatakosa watalii.