Egemea, Tegemea, Jitegemea

Asimamaye ufukweni pa Nyamagana akalitazama Jiwe la Bismarck ataona miamba iliyopandana majini, wa juu ukiuegemea wa chini. Kiswahili kina vitenzi viwili vya jambo hili. Mwili huegemea, moyo hutegemea. Ukuta ulioegemewa haubadili nia. Mtu aliyetegemewa huweza kuamka asubuhi na nia nyingine.

Mwaka 1965 uliifunza Tanzania tofauti hiyo mara mbili. Ujerumani Magharibi ilikuwa ikitufunzia kikosi cha anga. Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar ilikwisha kuitambua, iliporuhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, wale wa Magharibi waliondoa msaada wao wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawajibu wachukue na misaada yao mingine. Kisha tarehe 15 Desemba tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Pauni hizo zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi.

Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, jibu lilikuwa kujitegemea. Mpenzi wa lugha na alitazame neno hili. Mzizi ni uleule uliotuponza. Kilichoongezwa ni -ji-, silabi moja inayomfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Sijui kama waandishi wa Azimio waliipima hivyo, lakini mshairi anayehesabu mizani hawezi kuipita.

Oktoba mwaka huohuo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, takriban kilomita 200, kuja kwenye mkutano mkuu wa TANU. Aliingia mji wa wakulima wa pamba, ambao tangu 1955 walikuwa na shirikisho la vyama vyao vya ushirika, likiongozwa na Paul Bomani, ili pamba yao isipite mikononi mwa walanguzi. Hao hawakuhitaji kufafanuliwa -ji- ni nini. Hata hivyo walijua pia mpaka wake: mizani ya kupimia pamba waliishika wao, bei ikapangwa ng'ambo.

Tusiipambe historia. Mwezi mmoja tu kabla ya matembezi hayo, Tanzania na Zambia zilitia saini na China mapatano ya kujenga reli, kwa mkopo usio na riba. Misaada ya nchi za Skandinavia nayo ilikuja, na kwa wingi. Kwa hiyo -ji- ya Azimio haikufuta kutegemea. Iliongeza tu idadi ya wategemewa, asiwepo mmoja ambaye akigeuka nchi nzima inaanguka. Naona hilo si haba, ingawa silo neno lenyewe lilivyoahidi.

Na lile jiwe la Nyamagana mpaka leo linaitwa kwa jina la kansela wa Ujerumani.